Kengele ya Babu Ambokile

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Lufingo mvua haikatiki, nami nakuandikia nimevaa koti la mtumba la babu yako Ambokile, kaka yangu. Saratani ya koo imemnyang'anya ile sauti iliyotuita wadogo zake kutoka ng'ambo ya bonde. Anachomeza sasa ni uji tu.

Kwa mila yetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Zamani kaka alikohoa akikaribia, na Tusekile, mke wa mwanawe, akajificha migombani. Siku hizi kikohozi chake hakisikiki, hivyo alifunga kengele ya ndama kwenye fimbo yake.

Leo asubuhi uji wa ndizi aliomwekea Tusekile ulipoa mlangoni na kengele haikulia. Tusekile aliingia mbio, akamkuta ameketi kitandani, amekata tamaa ya kumeza.

"Baba, kunywa. Mila nitaiomba radhi mimi."

Kaka akacheka bila sauti, akanywa nusu kikombe. Mchana ndama alirudishiwa kengele yake.

Mwombee. Nikirudi nitakuita kwa sauti kuanzia barabarani, kama yeye alivyotuita.

Babu yako