Nilipochelewa Kusema Sasa

Halafu Baba, ile fimbo mpya ya kuvulia ya Ami Salumu, ile nyeusi aliyoletewa na mwanawe kutoka Maskati, kumbe ulivyosema ndivyo. Ncha yake ni laini mno. Jumamosi hii Fundi Mbwana ameirusha mara tatu, akamrudishia mwenyewe na kumuuliza, "Ami, hii fimbo au tambi?" Nikacheka, na katikati ya kicheko nikageuka kukutazama.

Baba yangu mpendwa, nilikuwa sijakanyaga uwanjani tangu ulipofariki. Nataka nikusimulie jinsi nilivyorudi, lakini acha kwanza nikae na wewe kidogo, kama tulivyokuwa tukikaa juu ya zile ndoo nyeupe, chai ikipoa bila mtu kuigusa.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikuwa kidato cha kwanza. Ulikuwa unabeba mizigo ya wageni katika hoteli ya kule Kunduchi, na mgeni mmoja mzee, uliyekuwa ukimsindikiza ufukweni asubuhi, aliondoka akakuachia fimbo yake ya kahawia na kikopo cha ndoana zilizofungwa manyoya. Watu wote tuliowajua walivua kwa nyavu, au kwa mshipi wa mkononi wenye chambo cha kueleweka. Wewe ukaja na uvuvi wa kumrushia samaki unyoya! Siku ya kwanza uliponipeleka kukuona ukivua, akina mama wauza samaki waliacha beseni zao wakatuzunguka.

"Shikamoo mzee," mmoja akasema. "Samahani, unavua au unafukuza nzi?"

"Marahaba. Nafukuza nzi. Samaki ni bahati."

Kicheko chao kilitusindikiza mpaka barabarani. Hukupata kitu siku ile, lakini ulitembea kama mtu aliyejaza ndoo.

Ukasema fimbo hujifunzwa kwenye nyasi kwanza. Ndipo zilipoanza Jumamosi zetu za uwanja wa shule, Tegeta. Mahali pa ndoana ulifunga kipande cha uzi mwekundu wa sufu ili usimtoe mtu jicho. Shingo yako ilikuwa imekwisha kuharibiwa na masanduku ya watu, hukuweza kugeuka kutazama nyuma, na katika urushaji ule, uliniambia, kazi yote iko nyuma. Mshipi hurushwa nyuma kwanza, ukaachwa unyooke wote hewani, ndipo unapouvuta mbele. Ukiuharakisha unapasuka kama mjeledi na uzi mwekundu unakatika. Ukiuchelewesha unaanguka chini. Kwa hiyo nilisimama pembeni yako miaka yote ile, nikitazama kule usikoweza kutazama, na mshipi uliponyooka nilisema, "Sasa."

Ukaniita macho yako ya nyuma. Wenzangu walikuwa na majina ya utani ya kawaida. Mimi nilikuwa kiungo cha mwili wako.

Kisha akaja Fundi Mbwana, seremala wa Keko uliyempa kazi ya kutengeneza kitanda changu. Aliisikia habari ya fimbo, na wiki iliyofuata akaja na ya kwake, ya mwanzi, aliyoichonga mwenyewe. Akafuata Ami Salumu mwenye duka la nafaka. Mkajiwekea sheria yenu. Kila Jumamosi mnabadilishana fimbo. Mwenye fimbo haruhusiwi kuongea, na anayeijaribu haruhusiwi kusifu. Anataja kasoro tu. Asipoona kasoro, anairudisha kimya. Kimya ndiyo ilikuwa sifa, na sikumbuki kama yako iliwahi kuipata. Pale inapoungana katikati palikuwa pamelegea, umepafunga uzi mara kumi, na Fundi hakuchoka: "Baba Neema, hii fimbo inatakiwa ilazwe wodini."

Na Elia, Baba! Nani huolewa kwa sababu ya mshipi ulioanguka, kama si mimi? Ulikuwa umeurusha nyuma vizuri kabisa, nami nikamwona mwalimu mgeni wa hisabati anakatiza uwanja, amebeba madaftari mpaka kidevuni, anatembea kwa tahadhari kama amebeba mtoto mchanga. Nikasahau kusema sasa. Ukasubiri. "Vipi huko nyuma?" ukauliza, shingo mbele. Huko nyuma mshipi wote ulikuwa umemwangukia begani, uzi mwekundu juu ya daftari la kwanza.

"Samahani sana, mwalimu," nikasema, nikitamani ardhi inimeze.

"Hamna shida, dada. Niseme nimenaswa?"

Ami Salumu akajipiga paja. "Baba Neema, miaka yote hiyo, leo ndiyo umepata! Mpimeni, mpimeni!" Wewe ukatikisa kichwa kidogo, kadiri shingo ilivyoruhusu. "Leo macho yangu ya nyuma yalikuwa yanatazama mambo yao," ukasema.

Sasa nifike pale ninapoogopa kufika.

Tulishachumbiana. Nilitaka harusi ya mwezi wa nane, mashangazi wakishamaliza mavuno Tukuyu, katika bustani ya hoteli uliyoifanyia kazi, ili uingie kwa mlango wa mbele huna sanduku la mtu mkononi. Niliiota bustani ile mpaka maua yake nikayajua. Jumamosi moja ulirusha mara mbili tu, ukakaa. Ulikuwa unahema. Ukasema, bila kunitazama, "Neema, hivi nyie hamwezi kufunga hata Pasaka hii?"

"Baba nawe! Haraka ya nini? Si wewe unayesema mshipi uachwe unyooke?"

Ulicheka. Ukasema, "Umenipata." Kisha ukanywa chai yako iliyokwisha kupoa, ukatazama magoli muda mrefu.

Hukusema kwamba daktari alikwisha kukueleza habari za moyo wako. Mama aliniambia baada ya mazishi. Hukutaka niolewe kwa hofu, alisema. Ulitaka niolewe kwa furaha, ila mapema kidogo. Mimi, ambaye kazi yangu moja duniani ilikuwa kujua wakati wa kusema sasa, nilisimama pembeni yako, mshipi umenyooka mbele ya macho yangu, nikanyamaza.

Ulituacha siku kumi na nane kabla ya harusi, Jumanne mchana, barazani, ukifunga ndoana, unyoya wa kuku bado uko vidoleni. Tukakurudisha nyumbani Tukuyu. Bustani tukaiacha. Arobaini ilipopita tulifunga ndoa kanisani kwetu Tegeta na kula pilau uani kwa Mama. Baba mdogo alinishika mkono kunipeleka mbele. Alinishika vizuri, lakini kidole gumba chake hakikuwa na lile sugu lako la fimbo, na hatua zote zile nililitafuta kwa kidole changu.

Na Baba, nikuambie jambo ninaloliona kama aibu: nina furaha. Nina furaha mpaka naificha mbele ya Mama. Elia anaimba anapopiga pasi, tena vibaya. Ananiandikia vijibarua kwenye karatasi za daftari na kuviacha chini ya kikombe changu, na vyote nimevihifadhi, hata kile kinachosema tu "sukari imeisha, mpenzi". Nikisikia geti linafunguliwa jioni, moyo unaruka kana kwamba sijawahi kumwona. Ukisharuka hivyo, unaanguka. Nakumbuka kwamba uliomba kuiona furaha hii, siku yake moja tu, nami nikakunyima kwa ajili ya maua.

Fimbo yako niliiweka juu ya kabati nikaifunika shuka. Elia ndiye aliyeishusha, Ijumaa. Hakusema mengi. "Mke wangu," aliniambia, "nifundishe. Au nipeleke kwa wanaojua." Nikakasirika. Nikalia. Kesho yake tukaenda.

Wazee walikuwapo. Ndoo zilikuwa tatu, Baba. Waliendelea kuweka tatu.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, binti yetu," akaitikia Ami Salumu. "Na bwana harusi! Leo umekuja mwenyewe, hukunaswa?"

Nikawapa fimbo yako. Fundi Mbwana akaishika, akapapasa ule uzi wa katikati, akairusha. Mara moja, mara mbili. Nilisubiri ailaze wodini. Akampa Ami Salumu bila neno. Ami naye akairusha, akanirudishia, midomo imefungwa, macho yamejaa. Yangu pia. Nimekuandikia haya yote ili hasa ulijue hilo: fimbo yako ilirudishwa kimya. Na wazee wote wawili.

Kisha ikawa zamu ya Elia, na Mungu anisamehe, nilicheka tena. Kila akirusha, mshipi unapasuka, pwaa!

"Mwalimu, unamchapa nani?" Fundi akauliza. "Leo Jumamosi!"

Uzi mwekundu ulipokatika mara ya tatu, Elia aliniangalia. "Neema, njoo usimame pale unaposimamaga. Mie sijui kinachoendelea huko nyuma."

Nikasimama. Miguu yangu ilipajua mahali penyewe. Elia akaurusha nyuma, mshipi ukapanda, ukafunguka taratibu, ukanyooka, na mimi nikabaki nautazama tu. Ukaanguka. Akarusha tena. Ukaanguka tena. Hakuna aliyenisema. Mara ya tatu niliutazama ukinyooka, nikakuona umekaa juu ya ndoo unauliza habari za Pasaka, na nikasema, "Sasa!" Nilisema kwa nguvu mno, mtu angedhani nimeona nyoka. Elia akauvuta. Mshipi ukapita juu yetu mzima mzima, ukajilaza kwenye nyasi, uzi mwekundu ukiwa wa mwisho, polepole.

Wazee wakanyamaza. Elia, kwa kuwa hajui sheria, akadhani amekosea. Nilimkumbatia na fimbo yako mkononi mwake, nikalia begani kwake palepale mshipi wako ulipomwangukia.

Sidhani kama nimejisamehe, Baba. Lakini kuna kitu kimoja naweza kufanya. Tulipanga kuja Tukuyu Krismasi, wakati msalaba wa saruji utakuwa tayari, na mashangazi wote wapo, na mimi nimeshona nguo. Nimefuta. Msalaba wa mti unatosha. Elia ana likizo fupi mwishoni mwa mwezi huu. Fimbo tutakuja nayo. Ulisema ukistaafu utarusha unyoya katika mto ule wa chini ya migomba, ulikoogelea utotoni, nawe ukastaafu bila kufika. Atarusha Elia. Mimi nitasimama pembeni yake, upande wa kaburi, ili nikisema unisikie. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwako.

Mwanao, macho yako ya nyuma,
Neema