Shati Lenye Mfuko Mmoja

Jumatano jioni, Chapwa

Na kosa lenyewe ni shati. Siku zote kadi ya kamera ikijaa naiweka mfuko wa kulia, tupu wa kushoto, nikirudi nyumbani nahamishia kila kitu kwenye kompyuta. Lakini Jumamosi kule Iyula mama wa bi harusi alinipa shati la kitenge, sare ya familia yao. "Huwezi kuturekodi kama mgeni, mwanangu. Vaa." Nikavaa. Lina mfuko mmoja tu, kadi zote zikakaa humo.

Ukumbini nikachomoa kadi niliyodhani ni tupu, nikaifuta, nikarekodi watu wakicheza saa mbili nzima. Kumbe ndiyo iliyokuwa na asubuhi yote: bibi yao kakaa kwenye kigoda, kashika kichwa cha bi harusi, mjukuu wake, anamwombea kwa Kinyiha.

Tangu Jumapili nahangaika na programu za kurudisha video. Leo nimepata sekunde nne. Miguu ya bibi na pindo la kitenge, bila sauti.

Sijamwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba kabla hawajauliza nitakuwa nime...

Saa tisa mama yule akapiga simu. Bibi amefariki alfajiri. Anaomba kile kipande cha maombi, wakisikilize msibani.

"Pole sana, mama. Ngoja nikitafute." Nikitafute wapi?

"Na kesho uje uturekodie mazishi," akasema. "Uvae lile shati, watu wajue wewe ni wa kwetu."

Nimelifua, liko kambani. Naomba lisikauke.