Kokoto Sita na Gunia Nililolirudisha

Kasese, nyumba ile ile nyuma ya reli ya zamani

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza wewe, halafu goti lako, maana najua ndilo linaamka kabla yako. Limekubali baridi ya Butembo? Na Koko, bibi yangu aliyekuzaa, anakula? Bado anakuita kwa jina la dada yake? Sisi huku tuko wazima, ila nimechoka, usingizi ninaupata vipande vipande. Asubuhi milima ikijitokeza nasimama mlangoni na mwiko mkononi, naiangalia, najua uko nyuma yake. Barua hii anakuletea yule shofere wa maharage, ndiye yule niliyempa gunia lako akurudishie. Kwa hiyo najua unaifungua ukiwa umenuna. Soma tu, Mama.

Unakumbuka mapele ya mjukuu wako Masika. Yalianza mgongoni, yakashuka mpaka kwenye viwiko. Jirani yetu Mama Biira akaniambia, "Iko chakula hiyo. Tafuta chakula." Basi nikachukua kaye, lile daftari la shule, nikatafuta. Leo nampa yai, kesho asubuhi namvua nguo naangalia ngozi. Ngozi ikiwa safi, chakula kimepita. Ikiwa na mapele, ninakifuta. Yai likafutwa siku ya kwanza. Samaki wa Katunguru akapita, ndizi ikapita, maziwa yakafutwa. Nilikuwa kama mtu wa forodha pale Mpondwe: wewe pita, wewe baki. Na kila nilipofuta moyo ulifurahi, nikajiambia, aa, nimegundua kingine.

Halafu nikampikia maharage yako ya manjano. Kesho yake mgongo ukawa mwekundu. Nikayafuta bila kuuliza mara ya pili, nikalirudisha gunia zima na maneno yale: "Mama asitume tena, yanamuumiza mtoto." Wewe ukajibu neno moja, "Sawa." Mama, hiyo sawa yako imekaa kifuani mwangu tangu siku ile.

Nilipomaliza nilikuwa nimejaribu vyakula ishirini na kitu, na vinane vimefutwa. Mapele yalikuwa yangali yanakuja na kwenda. Masika akabaki na uji, viazi na vitu viwili vitatu ambavyo hata hakuvipenda. Lile gauni ulilomshonea, ambalo lilikuwa linambana, likaanza kumteleza begani. Baba yake akaniuliza, "Kahindo, huyu mtoto umemwachia nini sasa? Maji?"

Nikamjibu, "Hata maji nitayajaribu." Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Nikampeleka kwa sista wa zahanati. Alimpima uzito mara mbili, halafu akaomba kaye. "Vyakula hivi vyote, kila kimoja umejaribu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mama Masika," akasema, "mapele haya ni ya joto na jasho, yanakuja yenyewe na yanaondoka yenyewe. Ukiuliza swali moja tu, bahati inaweza kukudanganya au isikudanganye. Ukiuliza ishirini, moja baada ya lingine, itakudanganya mara kadhaa, na wewe kila uongo utauita ugunduzi. Hapa umefunga vyakula ambavyo havina kosa."

"Kwa hiyo nisijaribu tena?"

"Jaribu. Lakini kabla hujaanza, jiwekee kiasi cha kukosea. Kikianza kuisha, dai ushahidi mkubwa zaidi."

Nilitoka pale nimekasirika, mtoto mgongoni, mwepesi kama nguo. Nilipofika kwenye reli nikasimama. Mama, ndani ya maneno ya sista nilikuwa nimesikia kikombe chako.

Kile cha bati, chenye ua la bluu. Nikajiona tena sokoni Bwera, nina miaka saba, nimekaa kando yako kwenye turubai, akina mama wa ng'ambo wanashusha magunia ya maharage wakuuzie, na moshi wa kuni zako unaniingia machoni. Kokoto sita ndani ya kikombe kila siku ya soko. Ukilishuku gunia kuwa la maharage ya zamani yasiyoiva, unatoa kokoto moja, unachemsha konzi moja ya mkono. Maharage yakikataa kuiva, jiwe linarudi, na lingine juu yake. Yakiiva, jiwe unalitupa barabarani, na mwenye gunia unamwomba msamaha mbele ya watu. Kikombe kikiwa kimejaa ulichemsha konzi moja. Kikibaki na mawe mawili, ulichemsha konzi tatu, kutoka juu, katikati na chini ya gunia, ndipo ufungue mdomo. Nilikuuliza kwa nini, ukasema hata maharage mazuri yana siku yake ya kukataa moto, na anayechemsha magunia mia hakosi la kulisingizia. Na yule mama mnene wa vitunguu akikiona kikombe kitupu, na huwezi tena kumshuku mtu siku ile, alikuwa anapiga kelele, "Weye, mawe imeisha! Leo tuko watakatifu bote!" Soko zima linacheka, na wewe unacheka kuliko wote. Ninakikumbuka sana kicheko kile. Sijakisikia tangu uvuke mpaka kwenda kumtunza Koko.

Kikombe ulikiacha kwangu, nilikuwa naweka chumvi ya Katwe. Nikakiosha, nikaokota kokoto sita pembeni ya reli. Nikaanza upya na vile vinane. Kila kimoja jiwe moja, na mara tatu, siyo mara moja: nampa, namnyima, nampa, namnyima, nampa tena. Yai likapona, jiwe nikalitupa ng'ambo ya ua. Maziwa yakapona. Avoka pia. Marakuja, yale matunda ya pasheni, hapana: mara zote tatu midomo ilizungukwa na mapele kabla hata hajamaliza kulamba vidole. Jiwe likarudi na mwenzake. Nyanya, sombe ya majani ya muhogo na dagaa vikapona.

Maharage yako niliyaogopa, nikayaacha mwisho. Kikombe kilikuwa na jiwe moja. Gunia nilikuwa nimelirudisha, lakini chini ya debe nilikuta konzi moja, nikaigawa mafungu matano, maana kwa jiwe la mwisho mara tatu hazitoshi. Mara tano nimempa, mara tano nimeangalia mgongo ule mdogo asubuhi. Mara ya pili kulikuwa na vipele viwili, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kalamu. Nikaurudisha. Mara nne zingine ngozi ilikuwa laini kama ndani ya ganda la haragwe. Mara ya tano alilamba sahani akasema, "Ya Koko. Ingine."

Jiwe la mwisho nimelitupa, Mama. Sikuwa na watu wa kuniona, kwa hiyo msamaha nauomba hapa, na umsomee Koko kwa sauti. Maharage yenu hayana kosa. Kosa ni langu.

Ila marakuja usitume, hata Koko akinuna. Kosa la hayo limesimama mara tatu, sibadilishi.

Msalimie Koko mwenyewe, msalimie mke wa kaka na tumbo lake, na yule katekista jirani aliyenifundisha kuandika herufi zilizonyooka. Mwambie bado zinalala. Baba Masika anasalimu kwa heshima, anasema sahani imerudi kuwa sahani.

Shofere anayo pia kanga iliyofungwa fundo. Fungua taratibu, ndani iko kikombe chako. Ni kitupu, na kwa sheria yako mwenye kikombe kitupu hawezi kumshitaki mtu. Kirudishe kimejaa maharage ya manjano.

Ni mimi binti yako wa turubai,
Kahindo