Kazi Yangu ya Kulaza Watu

Arusha, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, na ule mgongo? Mvua imewaachia mkaanika kakao, au bado mnakimbizana nayo, kutoa nje na kuingiza ndani? Mimi ni mzima, ila baridi ya Arusha inanitembeza nimejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Ukiona namba yangu unampa kaka Ambakisye, naye ananitolea tamko kwa sauti ya mzee wa kanisa: "Mama anasema uache kazi ya kulaza watu, urudi nyumbani." Nilicheka, kisha nikalia kidogo.

Ngoja nikueleze hiyo kazi yenyewe. Mwajiri wangu, Bi. Neema, anawafundisha walimu wa yoga kutengeneza podikasti, yaani vipindi vya kusikiliza kwenye simu, redio ambayo mtu anaifungulia saa anayotaka. Yoga ni mazoezi ya viungo na pumzi. Mimi ndiye ninayerekodi, ninaondoa vikohozi na mbwa wa jirani, ninakata vipande vya video. Ungewahurumia hao walimu. Mtu anasimama kwa kichwa bila shida, lakini msogezee maikrofoni uone, anasahau hata jina lake. Studio yetu ni chumba kidogo kilichobandikwa vipande vya godoro ukutani, na sauti ikigoma tunajifunika blanketi. Humo gizani, Mama, ndimo ninamokuwa nyumbani. Nikifumba macho naona maji ya ziwa pale Matema yametulia, milima imejilaza ndani yake, mitumbwi inapeleka vyungu sokoni Lyulilo bila kutoa sauti, na wewe umeingia majini mpaka magotini unasuuza sufuria, hunioni. Bi. Neema hunigusa bega. "Atupele, umeondoka tena?" Nami narudi.

Najua ulichosikia kanisani. Mazoezi ya yoga huishia kwa watu kulala chali, mikono pembeni, wametulia. Vitabu vyao vinauita mkao wa maiti. Bi. Neema aliutaja hivyo kwenye video, ikaandikwa chini kwamba mimi ndiye niliyerekodi, na video ikasafiri mpaka kwenye simu za akina mama wa kwaya. Wakakuambia mwanao anawageuza watu maiti. Na baba hajamaliza hata mwaka tangu afariki tukamlaza pale sebuleni. Mama, hata mimi ningekasirika.

Sasa sikia kilichofuata, ambacho hakikufika huko. Bi. Neema alitaka kipindi kwa Kiswahili, kwa sauti yangu, walimu wenyewe wakiwa wamelala kwenye mikeka yao kama kakao iliyoanikwa. Nilisoma vizuri mpaka nikafika kwenye lile neno. Likanikwama. Kwetu nani analala chali katikati ya chumba, watu wote kimya? Nikauona uso wa baba. Nikasema, "Lala kama mtu aliyetoka kupandikiza mpunga, na leo anayepika ni mwingine." Chumba kizima kikashusha pumzi. Mmoja akakoroma kabisa. Muda wa kuwaamsha ulipofika maneno ya kwenye karatasi yakanitoka kichwani, nikawauliza taratibu, kama unavyotuuliza asubuhi kama tumelala salama: "Mughonile?"

Kisha kutoka kona ya nyuma mwalimu mmoja, mama wa makamo ambaye sikujua kumbe ni Mnyakyusa mwenzetu wa Tukuyu, akajibu kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya mto: "Ndaga!" Macho bado kayafumba. Salamu ni salamu, angeiachaje? Watu walicheka mpaka wakakaa kitako, nami nikajua nimeharibu rekodi. Halafu yule mama akaanza kulia. Alisema hajaamshwa hivyo tangu mama yake afariki. Bi. Neema hakukata kitu, kicheko na kilio vyote vimo.

Sasa anataka niwe na kipindi changu, kila wiki, kwa jina langu. Nakitaka, Mama. Nakitaka sana. Lakini nitawaambiaje watu wapumzike wakati wewe umenikasirikia? Nimemwomba anisubiri nipate neno lako.

Kaka ameniambia na lingine, ambalo hukumtuma. Kwamba hulali. Kwamba tangu baba aondoke unajilaza upande wako tu wa kitanda, unasikiliza mlango.

Basi nimekurekodia kitu, si cha podikasti, ni cha kwako peke yako. Nimemtumia kaka kwenye simu yake. Ni Kinyakyusa mwanzo mwisho, na hakuna mungu wa watu wengine humo. Ni mimi tu, nakuambia kuku wameingia, moto umefunikwa majivu, mlango nimeufunga mwenyewe, unaweza kusogea katikati ya kitanda.

Tufanye hivi. Ukifika mwisho ukiwa macho, nitapanda basi nirudi, kazi nimeacha. Ukipitiwa na usingizi kabla, uniachie kipindi changu.

Nisalimie shangazi Tusajigwe anayekuletea dagaa wa usipa, wifi yangu na huyo wa mgongoni, na mchungaji pia, umwambie sijapotea. Kaka mwambie hivi: sauti yangu ikiisha nawe umenyamaza, asikuite kuhakikisha. Akufunike tu, atoke nje, anipigie.

Mimi mwanao,
Atupele