Boriti ya Kati

Jammu, 2 Aprili 2006
Mwaka wa kumi na sita tangu niondoke Wanihal

Ndugu yangu Wali Mohammad,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na shemeji Zoona mu wazima. Mimi sijambo, isipokuwa magoti. Huku joto limewahi, na shemeji yako Prabha amekwisha kuyaweka mablanketi sandukuni.

Tangu tetemeko la Oktoba sijapata neno lako. Simu huisikii, ndiyo maana naandika. Mpwa wangu aliniambia kijiji kimesalimika, lakini hakujua lolote kuhusu nyumba. Niambie wewe: zile nguzo za mbele bado zimekaa juu ya mawe yake? Na boriti ya kati, waliyoilaza babu yako na babu yangu ibebe paa lako na langu kwa pamoja, imepinda?

Nitakuja mitufaa ikichanua.

Kakako,
Sarwanand

*

Wanihal, 20 Mei 2006

Kaka Saru,

Salamu zimefika. Sisi hatujambo. Zoona anakusalimu, na anauliza kama huko Jammu mnakunywa chai ya sukari kama wagonjwa, au bado mnatia chumvi.

Mitufaa imechanua na maua yamepukutika, wewe hatukukuona. Nilimwambia Zoona, "Atakuja, kasema ikichanua." Akaniuliza, "Ya mwaka gani?"

Nyumba imesimama. Ardhi ilipotikisika nilikuwa na kikombe mkononi. Mbao zote zililia kwa pamoja kama mkokoteni ulioelemewa, udongo na vijiwe vikamwagika kutoka katikati ya mbao, basi. Nyumba ya saruji ya yule muuza mbolea, aliyekuwa akituita watu wa vibandani, ilipasuka kutoka juu mpaka chini. Siku hizi akipita hapa anazihesabu mbao zetu.

Boriti ya kati ni nzima. Lile tundu lake la upande wako, ghorofani, bado linapiga mluzi upepo ukivuma. Nimeliziba kwa kitambaa. Sijui ni mdudu gani anayetoboa tundu la mraba namna ile.

Sasa niseme lililonikaa moyoni. Nikifagia theluji kwangu nikaiacha kwako, uzito unalala upande mmoja na nyumba zote mbili zinainama. Kwa hiyo kila majira ya baridi napanda kufagia kote. Kaka, mimi si kijana tena. Mwanangu Fayaz anataka tubomoe, ajenge ya saruji kabla ya kuoa. Nimemwambia huwezi kubomoa nusu ya nyumba. Na desturi unaijua: mbao hazifunguliwi mpaka mwenyewe atoe kwa mkono wake kigingi cha kwanza kinachozishikamanisha. Bila hivyo ni mbao za wizi, na hakuna seremala wa hapa atakayezigusa.

Basi njoo. Njoo ukae, au njoo ukitoe.

Mdogo wako,
Wali

*

Jammu, 11 Juni 2006

Ndugu yangu Wali,

Salamu kwako na kwa Zoona. Tunakunywa ya chumvi. Majirani wanadhani tumekosea kopo.

Nimefurahi kwamba imesimama. Mwambie Fayaz asiimwagie saruji chini ya nguzo, hata kwa nia njema. Iliokoka kwa sababu haikufungwa kwenye ardhi, na kila kiungo kina nafasi ya kusogea kidogo. Palipomwagika, jazeni udongo uliokandwa na majani makavu, kama zamani. Zile mbao za mshazari zikilegea, zigongeni kigingi, si msumari.

Kuhusu hilo jingine, tutazungumza nikija. Nadhani itakuwa wakati wa kuvuna matufaa.

Kakako,
Sarwanand

*

Wanihal, 3 Machi 2007

Kaka Saru,

Salamu. Afya yako na ya Prabha? Mimi naandika nimelala.

Wakati wa mavuno tulikutandikia chumba cha jua. Theluji ilipoanza, Zoona akatandua.

Januari nilipanda juu. Kwangu nilimaliza. Kwako niliteleza, nikavunjika nyonga. Fayaz alikuwa kazini Srinagar, na theluji ya kwako ikalala mpaka aliporudi. Sasa boriti ya kati imeinama. Mlango wangu haufungiki, na wako haufunguki.

Jana Fayaz alileta msumeno.

"Weka chini," nikamwambia.

"Baba, huyo mtu harudi."

"Hajasema."

"Si aseme, basi! Unangoja mpaka ikuangukie kitandani?"

Zoona kwa kawaida ananitetea. Jana alikuwa anachochea makaa, hakuinua uso.

Kaka, mimi sitakasirika kwa lolote utakalosema. Lakini sema.

Mdogo wako,
Wali

*

Jammu, 14 Machi 2007
Mwaka wa kumi na saba

Ndugu yangu Wali,

Nakuombea upone upesi. Prabha anasema ulale chali na usimwoneshe Zoona ubishi. Usipande tena juu ya paa, langu wala lako.

Kigingi cha kwanza kimekwisha kutolewa. Asubuhi ile tulipokimbia vitisho, lori likipiga honi, nilipanda ghorofani nikakigonga kwa mpini wa shoka, nikakitia mfukoni. Kwa hiyo mdudu wako ni mimi. Desturi sikuifikiria. Nilitaka kitu cha nyumbani kinachobebeka, nije nikirudishe mahali pake siku nikirudi. Kimekuwa kikizuia dirisha letu la jikoni lisijifunge.

Nakileta kwako kwa mkono wa mpwa wangu. Mwite seremala, akipime katika lile tundu. Kikiingia, atajua kimetolewa na mwenyewe, na hatakuwa na neno.

Fungueni paa kwanza, pande zote mbili kwa siku moja, kisha mteremke. Mbao za upande wangu ni za Fayaz, nampa kwa harusi yake. Ni mwerezi, haziliwi na mchwa. Boriti ya kati msiikate. Ilazeni nzima ndani ya nyumba mpya, hata kama kuta ni za saruji, na lile tundu lijazwe kigingi chake.

Dirisha letu Prabha amelitafutia kijiti kingine.

Mwambie Zoona asinitandikie tena. Sitarudi.

Kakako,
Sarwanand