Mke wa Otari Kwenye Ile Filamu

Shoga Eka, nimejifungia chooni kwa kina Zauri. Uso unaniwaka. Natamani ardhi inimeze.

Si unaijua ile filamu ya Otari, mchimba madini aliyekufa mgodini akiokoa wenzake? Mezani wanaisifu, mimi nikajitia mjuzi: "Uongo mtupu! Kila mtu anajua mwili haukupatikana, na wao wamemweka mke anaukumbatia kwenye mvua! Kama wanataka machozi yetu, wasitumie majina ya watu wa kweli!"

Wote wakainamia sahani zao. Mimi nikadhani nimewashinda kwa hoja!

Zauri, si ndiye anayeongoza meza na kutangaza tumnywee nani, akanyanyua divai. "Sasa tuwanywee marehemu wetu. Mama Tsiala, anza na Otari wako."

Otari wako, Eka! Yule bibi niliyekuwa nampakulia mkate wa jibini, kumbe ndiye mke mwenyewe!

Nikaanza, "Mama, nisamehe..." Akanishika mkono. "Umesema kweli, mwanangu. Hawakuniletea hata kiatu chake. Ndiyo maana naitazama tena na tena. Pale tu ndipo ninapomshika."

Shoga, pale tu ndipo anapomshika!

Na unajua glasi ya marehemu, kila mtu lazima aseme neno. Zamu ikanifikia. Mimi, kasuku wa meza nzima! Nikadondoshea mkate divai, kama tunavyowafanyia marehemu siku zote, nikakimbia.

Ngoja, mlango unagongwa.

Ni Mama Tsiala, Eka. Eti nitoke nikale, mkate unapoa.