Kipimo cha Mkono wa Papa

Papa,

Yambo sana kwako, kwa Mama na kwa wote walioamka hapo Lukafu. Mgongo wako je? Mvua imewafikia? Mimi mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara nne kwenye meza ya karakana, na kila mara nainuka kwenda kukagua geti ambalo nimeshamaliza kulichomelea tangu jana.

Umeona nimeandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu nene ya kuchorea vyuma. Nimefanya makusudi. Nataka uisome mwenyewe, peke yako, kabla hujamwita Mama akusomee. Simu sikutaka, maana wewe unaiweka sauti ya nje na kijiji kizima kinaitikia.

Ni habari ya ile bunduki uliyotuomba. Mwanao mkubwa, Yaya Kasongo, ametuma mchango wake kutoka Kolwezi, na wangu uko tayari. Yote miwili haitoshi kununua kila kitu kwa mara moja, lakini nimepata njia. Kuna mzee wa Maniema hapa mjini, Papa Saidi, anayeuza silaha za uwindaji kwa watu wenye kibali. Amenionyesha bunduki ya kufungua vipandevipande: mwili, mtutu, kitako, darubini, kila kimoja peke yake. Mwenye mfuko mwembamba anaanza na ile ya chini kabisa, kisha anabadilisha mtutu au anaongeza darubini msimu mwingine. Hata kitako kinarefushwa na kufupishwa kwa ufunguo mdogo, kufuata mkono wa anayepiga. Ameniwekea moja mpaka Jumamosi. Wiki hii nimekwenda kuiangalia mara tatu, mpaka mke wake akaniuliza kama nataka kuolewa nayo.

Mara ya kwanza nilimpa ile kamba uliyonitumia, yenye fundo la kipimo chako kutoka kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia. Akaitandaza mezani.

"Hii mukono iko ya nani?"

"Ya papa wangu."

"Papa yako iko na miaka ngapi?"

Nikamwambia.

"Anaonaka muzuri?"

Nikakimbilia kuuliza habari za darubini. Akatikisa kichwa.

"Lunette inaleta kintu karibu, mutoto yangu. Haiponeshake macho. Na kwa kibali, bataomba karatasi ya munganga wa macho."

Tangu siku ile sina raha. Kibali kinaandikwa kwa jina la mtu mmoja, na mtu huyo lazima apimwe macho. Yaya anasema karatasi ya namna hiyo inapatikana bila kupimwa. Inapatikana, najua hata mlango wa kugonga. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka msimu uliopita, nilipokuja tukalinde mahindi? Tulikuwa wawili kwenye kibanda, upande wa kijito, na jua lilikuwa limeshapanda. Ukaona kitu cheusi kimeinama kati ya mabua. Ukaninyamazisha kwa mkono, ukalenga kwa gobole lako la zamani, ukafyatua. Likalia "ka!" basi. Ukaitukana baruti.

"Imelowana! Hii nguruwe iko na shansi."

Kitambo kidogo Mama akatokea upande ule ule, amejifunga kitenge chake cheusi, na fungu la matembele kichwani. Ukamwambia, "Mwanamuke, umefukuza nguruwe yangu!" Akacheka, ukacheka, na mimi nikacheka.

Hapakuwa na nguruwe, Papa. Nilikuwa nimekaa kulia kwako na niliona. Nilimwona ameinama anachuma majani, nikafungua mdomo, na kidole chako kilikuwa kimeshavuta. Sijamwambia mtu, hata Yaya. Nilidhani nakuheshimu. Sasa naona nilikuwa mwoga tu, nilikuogopa wewe kuliko nilivyoogopa kumpoteza Mama. Jambo hilo linaniuma kila ninaposhika kamba yako.

Bunduki hii mpya haina baruti ya kulowana. Ukiivuta, inalia.

Najua nguruwe wapo, na mahindi hayatasubiri mpaka mimi na wewe tuelewane. Jumatatu Papa Saidi alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha, nje ya mji. Nilipewa risasi tatu na kopo la nyanya. Kopo lina matundu matatu. Mkono uliozoea kuchomelea vyuma hautetemeki, Papa, na hilo nimelirithi kwako. Najua kwetu mwanamke haruki hata bunduki iliyolala chini. Najua papa mdogo atasema umezaa wanaume kisha umemwachia msichana silaha. Mwache aseme, halafu umwombe aje alinde yeye.

Basi nimeamua. Jumamosi nitainunua, bila darubini, na nitaomba kibali kwa jina langu. Mahindi yakianza kukomaa nitafunga karakana nije nikae kibandani. Wewe utanifundisha upepo, nyayo na njia wanazopita, maana hayo siyajui kabisa. Na dereva wa lori la makaa aliyekuletea barua hii anarudi mjini kesho kutwa. Nimemwomba akuwekee kiti cha mbele. Panda, Papa. Huo ukungu wa machoni unaouita moshi wa jikoni, munganga anaweza kuutazama. Nakuomba kwa magoti.

Nisalimie shangazi yangu mfuma mikeka, dada Monga na mimba yake, na jirani yetu katekista, mwambie bawaba za mlango wa kanisa ziko tayari.

Mama, kama sauti iliyosoma mpaka hapa ni yako, basi Papa ameshindwa kusoma, na wewe umejua yale ya kibandani. Nisamehe. Usimgombeze. Mshike mkono tu.

Papa, ndani ya bahasha utakuta kamba yako. Nimeongeza fundo la pili, la mkono wangu, fupi kuliko lako kwa upana wa vidole viwili. Kitako kitafungwa hapo kwanza. Ufunguo wa kukirefusha nautunza, mpaka munganga aseme unaona vizuri. Yapapase hayo mafundo yote mawili. Hayahitaji macho.

Mimi mwanao,
Ngoie
Katuba